Miaka Minne na Miezi Miwili ya Ozell Tukes

Barua ilifika Jumatano ya wiki ya pili ya Machi, na mwenye jina lililoandikwa juu yake alikuwa ameshazikwa mwaka mmoja na miezi saba. Verlene Tukes aliitoa kwenye sanduku mbele ya nyumba, akaona nembo ya hospitali kubwa ya Atlanta, akaingia nayo ndani bila haraka.

Alikuwa amezoea. Tangu awe mjane, Ozell alikuwa akipata barua nyingi kuliko yeye. Duka la viatu lilimtakia heri ya siku ya kuzaliwa. Kampuni ya mikate, aliyoiendeshea gari miaka thelathini na moja hapa Macon, ilimwalika kwenye chakula cha wastaafu. Verlene hakuwaandikia kuwaambia kwamba mtu wao hayupo. Aliziacha zije. Binti yao Denitra yuko Tacoma, upande wa pili wa nchi, na hupiga simu Jumapili tu; sisi wengine sote tulikuwa tumeanza kusema "marehemu." Kwa hiyo jina la Ozell, zima zima kama la mtu aliye hai, lilikuwa likiingia nyumbani mle kwa njia ya barua tu.

Mimi na Dada Verlene tumepika pamoja jikoni mwa kanisa tangu watoto wetu wakiwa wadogo. Mengine katika haya niliyaona kwa macho yangu, mengine alinisimulia mwenyewe, kidogo kidogo, mikono yake ikiwa kazini. Si mtu wa kukaa chini akakutazama na kusema.

Aliifungua barua akiwa amesimama. Ilisema: Mpendwa Bwana Tukes, tunafurahi kukuarifu kwamba tumepitia upya kumbukumbu zako, na muda wako katika orodha ya wanaongoja figo umeongezwa kwa miaka minne na miezi miwili. Huna haja ya kufanya lolote.

Akaisoma mara ya pili, kisha akaketi.

Ozell alianza kuugua figo mwaka 2011. Presha ndiyo iliyomwanzia, kama inavyowaanzia wengi wetu huku. Lakini hakuwa mtu wa kukimbia hospitali. Daktari alisema aje kila baada ya miezi mitatu, naye alikwenda kila baada ya miezi mitatu, amevaa shati lililopigwa pasi, na Verlene pembeni yake ameshika daftari. Daktari alisema chumvi iondoke, ikaondoka siku hiyohiyo. Verlene alikuwa mpishi mkuu wa shule ya msingi, mwanamke aliyelisha watoto mia nne kila siku na wakaomba kuongezewa, na sasa akaanza kumpikia mumewe sukuma wiki bila kipande cha nyama iliyokaushwa kwa moshi, maharage yasiyo na kitu, uji wa mahindi mweupe kama chokaa. Ozell alikula. Wakati mwingine alikuwa akisema, "Verlene, hata ng'ombe wanalambishwa chumvi," na Verlene akimjibu, "Ng'ombe hana presha. Kula."

Halafu mwaka 2016 akaikuta ile chupa. Alikuwa akifagia gari la Ozell, akaingiza mkono chini ya kiti, akatoa chupa ya miguu ya nguruwe iliyolowekwa kwenye siki na chumvi, imeliwa nusu. Chumvi tupu. Hakupiga kelele. Aliiweka mezani mahali pa sahani ya Ozell, na mumewe alipokuja kula akaikuta.

"Ukitaka kufa, kufa," Verlene alimwambia. "Lakini usinifanye mimi mpumbavu humu ndani."

Hakumsemesha siku tisa. Wanalala kitanda kimoja, wanakula meza moja, siku tisa.

Mwaka uliofuata namba za figo zikashuka kabisa, Ozell akaandikwa kwenye orodha ya Atlanta, na baada ya miezi michache akaanza kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Verlene alikuwa akimpeleka na kumrudisha. Ndani ya gari hawakuwa na mengi ya kusema. Siku moja, akiwa amechoka baada ya mashine, Ozell alisema, "Nisamehe, Verlene, kwa ile chupa." Verlene akamjibu, "Haya." Ndilo neno alilomjibu, na hakuongeza lingine.

Ozell alikufa Agosti 2021, bado yuko kwenye orodha. Tulipokuwa tunagawa chakula baada ya mazishi, Verlene aliniambia akiwa amenipa mgongo, "Alijichimbia kaburi kwa uma." Nilidhani ni uchungu wa siku ile. Kumbe aliamini, na aliendelea kuamini.

Asubuhi iliyofuata ile barua, alikwenda ofisi ya afya ya kaunti kumtafuta Jerlisa Pate. Jerlisa ni msichana wa hapahapa mtaani kwetu, Pleasant Hill, bibi yake tulisoma naye, na kazi yake ni kuelimisha watu. Alikuwa akija kanisani kwetu na figo ya plastiki inayofunguka katikati, akituonyesha mishipa, akitugawia karatasi zenye picha ya kichupa cha chumvi kilichopigwa alama ya X. Alimpokea Verlene kwa furaha, akasoma barua, furaha ikamtoka. Akainuka akafunga mlango.

"Bi Verlene, pole sana. Hii haikupaswa kukufikia."

"Imeshanifikia. Nieleze."

"Unajua figo huwezi kuzitazama zikifanya kazi. Wanapima takataka iliyobaki kwenye damu, halafu inapigwa hesabu, inatoka namba. Ikishuka mpaka ishirini, unaruhusiwa kuandikwa kwenye orodha ya kungoja figo."

"Hayo nayajua. Nilikaa naye miaka yote hiyo."

"Usichokijua ni kwamba namba zilikuwa mbili." Jerlisa alisema polepole. "Moja ya watu wengine wote. Nyingine yetu sisi. Ukiwa mtu mweusi, walichukua damu ileile na hesabu ileile, halafu wakaizidisha ipande. Ikaonekana figo zako zina nguvu kuliko zilivyo."

"Kwa nini?"

"Walioitunga walisema watu weusi wana misuli mingi zaidi, kwa hiyo damu yao husomeka tofauti."

"Ozell? Ozell aliyekuwa akitoboa mkanda kwa msumari ili umkae kiunoni?"

"Hawakumpima Mzee Ozell misuli, Bi Verlene. Walitazama rangi tu."

Jerlisa akaendelea kumweleza kwamba hesabu ile sasa imeachwa nchi nzima, na hospitali zimeamriwa kurudi kwenye karatasi za zamani na kuwarudishia watu weusi walio kwenye orodha muda uliowapotea. Kwa Ozell, muda huo ni miaka minne na miezi miwili. Angeandikwa mapema kiasi hicho. Wengi wanaopata figo huku huwa wamengoja miaka mitano hivi, au sita; huenda Ozell angeipata akiwa hai.

"Kwa hiyo wamemrudishia," Verlene alisema.

"Ndiyo."

"Nani atampelekea?"

Verlene akakunja barua yake. Alipofika mlangoni akageuka.

"Wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Na mwaka jana ulikuja kanisani mara tatu. Ukatuambia habari za chumvi."

"Karatasi nilizopewa nigawe zilikuwa za chumvi," Jerlisa alisema, macho yake mezani. "Na chumvi nayo ni kweli, Bi Verlene."

"Sijasema ni uongo."

Nyumbani alitoa karatasi zote za vipimo vya Ozell. Alikuwa amezihifadhi ndani ya mfuko wa mto wa kulalia, kwenye droo ya chini ya kabati, zimepangwa kwa tarehe. Mpishi wa shule hatupi karatasi. Akazitandaza kitandani upande wa Ozell. Akachukua ya Mei 2013 akaisoma mstari kwa mstari, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, maana daktari ndiye aliyekuwa akiwasomea.

Mistari ilikuwa miwili, mmoja juu ya mwingine, kwa maandishi ya ukubwa uleule. Asiye Mmarekani mweusi: kumi na tisa. Mmarekani mweusi: ishirini na tatu. Kwa kalamu ya buluu, daktari alikuwa ameizungushia duara ishirini na tatu.

Haikuwa imefichwa. Ilikuwa ndani ya nyumba yake miaka kumi.

Akaikumbuka siku yenyewe. Daktari alisema, "Ishirini na tatu, Ozell, bado tuna nafasi," na wao wakatoka pale wamefurahi kama watoto. Hawakurudi nyumbani moja kwa moja. Ozell aliendesha mpaka Fort Valley kwenye mashamba ya pichi, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine juu ya goti la mkewe, wakanunua aiskrimu wakaila wamekaa juu ya boneti ya gari. Siku ile ndiyo angeandikwa kwenye orodha.

Karatasi zenye duara, kuanzia ile, zilikuwa kumi na saba. Hakuweza kulala kwenye kitanda kile siku kadhaa. Alilala kwenye kochi, karatasi zikabaki zimetandazwa.

Wiki iliyofuata alikwenda kwa yule daktari wa Ozell. Hakuwa ameomba nafasi. Daktari huyu ni Mzungu mpole, mrefu, anayekaribia kustaafu; alikuja kwenye mazishi ya Ozell akakaa kiti cha nyuma na kulia. Alimkaribisha Verlene chumbani mwake na kumuuliza hali. Verlene akamwekea mezani ile karatasi ya Mei 2013.

Daktari alipitisha kidole juu ya mistari yote miwili.

"Maabara ndivyo ilivyokuwa ikituletea," alisema. "Ndivyo tulivyofundishwa."

"Wewe ndiye uliyeweka duara."

"Ni mimi."

"Hukujiuliza?"

"Hapana, Bi Tukes. Ningependa kukuambia nilijiuliza. Sikujiuliza."

"Na mimi sikujiuliza," Verlene alisema. "Lakini mimi nilikuwa mpishi wa shule."

Daktari alisema anaomba radhi. Alisema pia wapo wagonjwa wake wengine, wanne, ambao hospitali imewarudishia muda, na mmoja wao huenda akapata figo mwaka huuhuu. Alimwambia hivyo kwa nia njema, nadhani, ili aone kwamba kuna kinachorekebishwa. Verlene akamuuliza kama Ozell aliwahi kusema lolote juu ya ile chupa.

"Chupa ipi?"

"Ya miguu ya nguruwe."

"Ah. Alisema wewe umekasirika sana." Daktari akatabasamu kwa huzuni. "Nilimwambia chupa moja haiui figo. Yeye alisema, mwambie mke wangu. Nikasahau."

Kutoka pale alikwenda makaburini. Alitaka kumwambia Ozell neno, lakini watu wa kukata nyasi walikuwa na mashine zao safu ileile, wakienda na kurudi, wakimpungia mkono kwa adabu. Akangoja ndani ya gari karibu saa nzima. Hawakumaliza. Akaondoka.

Mwezi wa Aprili kanisa letu huwa na siku ya afya, Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi wa chini. Mwaka ule Mchungaji Gadson alikuwa amemwomba Verlene atoe ushuhuda kama mjane, dakika tano tu. Alimwambia na cha kusema: watu wetu wanachelewa, wanaogopa, wanakula vibaya, waambie waende hospitali mapema. Verlene alikuwa amekubali tangu Januari, kabla ya barua.

Tulikuwa watu kama sitini. Jerlisa alikuwa mbele na figo yake ya plastiki. Verlene alipoitwa, alikwenda na ule mfuko wa mto. Mchungaji akautazama, akampisha.

"Nimeambiwa niwaambie mwende mapema," Verlene alianza. "Mume wangu alikwenda mapema."

Akatoa karatasi moja moja, akazisoma tarehe na namba zote mbili, ya juu na ya chini. Hakueleza mengi. Kufikia ya tano watu walikuwa wameshaelewa. Akazisoma zote kumi na saba. Halafu akasema kitu ambacho hata mimi sikutegemea atakisema mbele za watu.

"Nilimkasirikia mume wangu kwa chupa ya miguu ya nguruwe. Nilimkasirikia akiwa hai, na alipokufa nikaendelea kumkasirikia kaburini. Aliniomba radhi nikamwambia haya. Nilidhani nina haki, kwa sababu kila aliyekuja hapa kutufundisha alitufundisha makosa yetu. Makosa yetu tunayajua. Hakuna aliyekuja kutufundisha ya kwao."

Jerlisa aliinamisha kichwa. Nyuma ya ukumbi mtu akasema, "Sema, dada," na mwingine, "Kweli kabisa." Hapo ndipo Cleotha Mims aliposimama.

Cleotha ni fundi wa mabomba, mtu mkubwa mwenye sauti ya kwaya, wakati ule ana miaka sitini na moja. Mkewe alimwacha zamani. Tulijua sote ana presha, maana alikuwa na tabia ya kujisifu kwamba anayo na hajawahi kumeza kidonge.

"Si ndivyo ninavyowaambia kila siku?" alisema, akigeuka kutafuta macho ya watu. "Mnanicheka. Mimi kule siendi. Babangu alikuwa akisema, Mzungu mwenye koti jeupe akikuita, uliza kwanza anataka kukata nini. Mimi nakunywa siki yangu ya tufaha asubuhi, basi, namwachia Mungu."

Watu wakacheka, na kicheko kile kilikuwa cha kukubaliana naye. Mama mmoja aliyekuwa amekunja mkono wa blauzi ili apimwe presha akaushusha. Niliona Jerlisa akimtazama Verlene, wala si kwa lawama, ila kama mtu anayeona kikombe kikianguka na yuko mbali kukidaka.

Verlene naye aliona ule mkono wa blauzi ukishushwa.

"Kaka Cleotha," alisema. "Subiri usikae. Una karatasi ngapi?"

"Karatasi za nini?"

"Za damu yako. Ozell ana kumi na saba. Wewe unazo ngapi?"

"Sina hata moja, nimeshasema siendi."

"Basi Ozell alidhulumiwa, na mimi najua alidhulumiwa miaka minne na miezi miwili. Wewe utakufa hatutajua hata tulie kwa sababu gani."

Hakuna aliyecheka. Cleotha akaketi.

"Sijaja hapa kuwapa kisingizio," Verlene aliendelea, na sauti yake sasa ilikuwa ile ya jikoni mwa shule, ya kupanga foleni. "Nendeni. Lakini usikubali kusomewa. Namba yako ishike mkononi, uliza imetokeaje. Asiyeweza kusoma aje na mtu. Asiye na mtu, mimi nipo, sina kazi nyingine." Akarudisha karatasi mfukoni na kukaa.

Mchungaji alichelewa kusimama. Tulipima watu thelathini na wanane siku ile. Cleotha hakuwamo, aliondoka kabla ya chakula.

Alikuja nyumbani kwa Verlene baada ya wiki tatu, Jumanne mchana, amevua kofia. Mkononi alikuwa na karatasi moja iliyokunjwa mara nne.

"Imesema kumi na nane," alisema.

"Njoo ndani nikusomee."

"Nimeshasoma. Hesabu ni hiyo mpya, ya mstari mmoja, nimeuliza." Alibaki amesimama kibarazani. "Sikuja usome. Sikumjua mtu mwingine wa kumwambia."

Verlene akamfungulia mlango wa wavu. Ozell alikuwa na kiti chake mezani, na tangu afe hakuna mtu aliyekikalia. Cleotha alikivuta bila kujua akakaa. Verlene aliniambia kwamba alitaka kumwambia ahame, akashindwa kupata neno la kumwambia, akaenda kuchemsha kahawa.

Mwezi wa Juni walikwenda Atlanta, mwendo wa saa moja na nusu, ili Cleotha aandikwe kwenye orodha. Wanapima kila kitu, na wanauliza maswali mengi. Swali mojawapo ni mtu wa kukutunza baada ya upasuaji, maana bila mtu huyo hawakuandiki. Cleotha ana mwana mmoja, Lavon, yuko Detroit, na walikuwa hawajasemezana muda mrefu. Muuguzi aliuliza mara mbili.

"Andika mimi," Verlene alisema.

"Una uhusiano gani naye?"

"Kanisa."

Muuguzi akaandika.

Mwezi huohuo ilikuja barua ya pili kutoka hospitali ile, safari hii kwa jina la Verlene. Walisema wanasikitika sana kwa barua iliyotumwa kimakosa kwa mume wake aliyefariki. Walisema wanaelewa jinsi jambo hilo linavyoweza kuleta uchungu. Walisema jina la mumewe limeondolewa kwenye kumbukumbu zao ili lisirudiwe tena. Juu ya ile miaka minne na miezi miwili hawakusema neno. Verlene alinisomea tukiwa tunachambua mboga.

"Wameomba radhi kwa ajili ya stempu tu," alisema.

Na kweli, jina halikuja tena. Sijui kama hospitali waliwaambia wengine, au ni wakati tu, lakini kufikia mwisho wa mwaka hata lile duka la viatu liliacha. Nilikuwa nikimwona kibarazani saa ile mleta barua anapopita. Alikuwa akimsalimu, anapokea barua yake moja au mbili, anaingia.

Kazi ya karatasi ilikua bila mtu kuipanga. Alhamisi baada ya Alhamisi watu walikwenda kwake na vipimo vyao, wa kanisa letu na wa makanisa mengine, naye aliwakalisha na kuwafundisha kusoma: hii ni sukari, hii ni figo, huu mshale unaoelekea juu uulizie. Jerlisa alijiunga naye. Aliandika karatasi mpya ya kugawa, yenye maswali sita ya kumuuliza daktari wako, na akagombana na wakubwa zake mpaka wakakubali kuichapisha. Saa kumi na moja watu walikuwa wakiondoka, kila mmoja kwake, na Verlene akibaki kukusanya vikombe. Nilimuuliza siku moja kama inamsaidia.

"Inawasaidia," alisema.

Simu ya kwamba Cleotha amepata figo ilikuja Oktoba ya mwaka jana, Alhamisi, saa tatu asubuhi. Damu yake ni ya kundi lisilo na foleni ndefu, kwa hiyo hakungoja kama wengine. Mimi na Verlene tulikuwa jikoni mwa kanisa tunamenya viazi vitamu. Simu ya Verlene ikalia, akasikiliza, akasema, "Usile chochote. Vaa viatu. Nakuja." Akavua aproni na kwenda.

Alikaa kwenye ukumbi wa kungojea kwa muda wa saa saba. Hakuna aliyemletea habari mpaka alipokwenda mwenyewe dirishani, kwa kuwa kwenye kompyuta yao mtunzaji alikuwamo, lakini mahali pa jamaa waliandika hakuna. Alimpigia Lavon Detroit; ilibidi ajieleze mara mbili yeye ni nani. Lavon alifika kwa ndege kesho yake, mtu mzima mwenye tumbo na mvi za kwanza, amebeba begi dogo. Alisimama mlangoni akamtazama baba yake na mipira yote ya dawa na mkojo. Figo ilikuwa imeanza kufanya kazi. Mkojo ulikuwa ukishuka kwenye mfuko, na wauguzi walikuja mmoja mmoja kuutazama kama watu wanaokuja kuona mtoto mchanga.

Chumba kilikuwa na kiti kimoja. Verlene akainuka.

"Asante, mama," Lavon alisema. "Samahani, wewe ni nani wake?"

"Namwendeshea gari."

Cleotha alikuwa amelala. Lavon akavuta kiti karibu na kitanda, akamshika baba yake mkono kwa namna ya mtu asiye na hakika kama anaruhusiwa. Verlene alichukua mkoba wake akatoka, akasahau koti, hakurudi kulifuata.

Nilikuwa kanisani bado alipofika, Ijumaa jioni, jua halijazama. Nilimuuliza kama Cleotha amepata. Akasema amepata, inafanya kazi, mwanawe amekuja. Akaeleza habari za mfuko wa mkojo, tukacheka kidogo. Halafu akasema kwamba njiani, karibu na mji wa Forsyth, alijaribu kufikiria uso wa Ozell kama yeye ndiye angepewa habari ile, na kila alipoufikiria uso ulikuwa wa Cleotha.

Nilimwambia aje alale kwangu. Chumba kipo, na mume wangu yuko safarini. Akanishika bega, akasema hapana, ana nyumba. Akaingia garini, akaweka mkoba kwenye kiti cha pili, alichokuwa akikalia Ozell, na kuufunga mkanda, akaondoka polepole.